Maji Yanayoongezwa Kila Asubuhi: Kwa Nini Magari Yetu Makongwe Huchemsha

Miezi ya Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashuka, ndiyo miezi ambayo madereva wa Dodoma huutazama mshale wa joto kuliko wanavyoitazama saa ya mwendo. Ardhi imekauka, upepo umebeba vumbi, na gari lililopanda mlima bila shida wakati wa masika sasa huupanda likihema. Ndipo magari makongwe, hasa zile Land Cruiser za mkonga zinazohudumia vituo vya afya na zahanati zilizo mbali na lami, huanza kuchemsha. Dereva akiulizwa sababu hujibu kwa neno moja: jua. Fundi mwenye haraka hukubaliana naye, hung'oa thamostati, hujaza maji, na gari hurudi barabarani likiwa na ugonjwa wake uleule.

Jua lina hatia ndogo sana katika jambo hili. Magari ya aina hiyohiyo hufanya kazi katika majangwa ya Oman, ambako joto la mchana hupita nyuzijoto 45, nayo hayachemshi. Hapa kwetu mchana wa Novemba hauzidi sana nyuzijoto 32. Chanzo hakina budi kutafutwa chini ya boneti, na mara nyingi kinapatikana ndani ya dumu ambalo dereva hulibeba nyuma ya kiti.

Tutoe mfano wa gari moja, bila kulitaja kituo chake. Lilikuwa limembeba usiku mama aliyekuwa katika uchungu wa muda mrefu, likielekea hospitali. Katikati ya mlima mshale ulifika kwenye alama nyekundu, mvuke ukafoka pande zote za boneti, na dereva akasimama. Mama yule alihamishiwa kwenye gari la mfanyabiashara wa nafaka lililopita baadaye, akafika na kujifungua salama. Rejeta ya gari lile ilipofunguliwa, sehemu kubwa ya mirija yake ilikuwa imezibwa na ukoko mweupe mgumu kama ule wa ndani ya birika la zamani. Dereva, mtu mwaminifu na mwangalifu, alieleza kwamba kwa miezi minane alikuwa akiongeza lita mbili za maji ya kisima kila asubuhi. Akaongeza, “lakini gari lenyewe halikuwa na tatizo lolote.”

Gari lililo zima haliongezwi maji kila asubuhi. Mfumo wa kupozea injini ni mfumo uliofungwa: maji yaliyomo huzunguka yaleyale, na kiasi chake hakipaswi kupungua kwa namna ya kuonekana kwa miezi mingi. Kila lita inayoongezwa ina maana kwamba lita nyingine imetoka mahali fulani. Kuongeza maji bila kuuliza yaliyotangulia yamekwenda wapi ni kuuficha ugonjwa, na kwa maji ya uwanda wetu, ni kuulisha pia.

Maji yetu na ukoko wake

Takriban theluthi moja ya joto linalotokana na dizeli inayoungua hupita katika maji ya injini. Pampu huyasukuma maji kuzunguka silinda, yakapokea joto, yakapanda kupitia mpira wa juu hadi kwenye rejeta, yakashuka ndani ya mirija myembamba huku feni na upepo wa mwendo vikiyapoza, kisha yakarudi kwenye injini kupitia mpira wa chini. Hapo katikati husimama thamostati, ambayo ni mlango unaofunguka maji yakipata joto la kutosha, kwa kawaida kati ya nyuzijoto 76 na 88 kulingana na namba iliyogongwa juu yake.

Maji ya visima virefu katika sehemu nyingi za Dodoma ni magumu, na mengine yana chumvi inayoonjeka. Mama wa nyumbani analijua jambo hili kuliko fundi: sabuni haitoi povu, na birika huota ukoko. Madini yaliyoyeyuka katika maji hayo hujitenga maji yanapopata joto, yakaganda kwenye chuma kilicho na moto zaidi. Ndani ya injini mahali hapo ni kuta za silinda na silinda hedi, yaani mahali palepale ambapo joto linapaswa kutoka. Ukoko haupitishi joto kama chuma kinavyolipitisha. Maji yanaweza kuwa yamejaa kabisa na chuma kilicho nyuma ya ukoko kikaungua.

Maji magumu yakijazwa mara moja tu, madara yake si makubwa. Madini yaliyomo huganda yakaisha, na mengine hayaji. Hatari inatoka kwenye nyongeza. Tuchukulie kwamba lita moja ya maji ya kisima ina miligramu 400 za madini yanayoweza kuganda. Lita mbili kwa siku, kwa siku 240, ni lita 480, na madini yake ni karibu gramu 200, kama glasi moja iliyojaa sukari. Maji yanayovuja kwa matone huondoka na sehemu ya madini hayo, lakini yanayotoka kama mvuke huyaacha yote ndani. Glasi ile haina pa kwenda isipokuwa mirija yenye upana wa milimita chache.

Maji yanayofaa ni yale yasiyo na madini, yakichanganywa na kipozeo cha rejeta, kile cha rangi ya kijani, nyekundu au samawati kiuzwacho madukani. Wengi hudhani kipozeo ni cha nchi za barafu tu. Kwetu kazi yake kubwa ni kuzuia kutu na kuongeza kiwango cha joto ambacho maji huchemka. Rangi haielezi aina, hivyo kipozeo kipya kisichanganywe na cha zamani kwa kuangalia rangi pekee. Soma lebo, na ujue kwamba kinachouzwa kwa bei ya maji ya kunywa huenda kikawa maji ya rangi tu. Kitu hiki ni sumu na ladha yake ni tamu, kwa hiyo kisimwagwe chini mahali ambapo watoto, mbwa au mbuzi watakionja.

Pale ambapo maji yaliyotiwa lebo ya kusafishwa hayapatikani, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa la bati, baada ya mvua za kwanza kuosha vumbi, ni bora kuliko maji ya kisima chochote. Maji ya betri nayo yanafaa, ila wauzaji wengine huita “maji ya betri” hata ile asidi. Asidi ikiingia kwenye rejeta, hakuna tena la kutengeneza.

Mfuniko mdogo, uwanda ulioinuka

Gari tulilolitaja lilikuwa likipoteza maji kwa sababu ya mpira wa mfuniko wa rejeta uliokuwa umekatika. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika mfumo huu, na ndicho kinachodharauliwa zaidi. Tumewahi kuona rejeta iliyozibwa kwa kitambaa na gunzi la mahindi.

Mfuniko hufanya kazi mbili. Kwanza huyaweka maji chini ya mgandamizo ili yasichemke mapema. Hapa uwanda wa kati una jambo lake. Mji wa Dodoma uko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Kwenye milima ya Kibakwe au vilima vya Kondoa huchemka mapema zaidi. Injini yenye mzigo inaweza kufanya kazi karibu sana na kiwango hicho bila kosa lolote. Mfuniko wenye namba 0.9 huongeza mgandamizo unaokaribiana na ule wa hewa yenyewe hapa kwetu, na maji hayachemki hadi yavuke nyuzijoto 110. Mpira ukikatika, nafasi yote hiyo hupotea, na gari lililopanda kutoka pwani likiwa zima huanza kuchemsha likivuka Gairo.

Kazi ya pili ni kuyarudisha maji. Injini ikipata joto, maji ya ziada husukumwa kwenye tangi dogo la akiba. Ikipoa, huvutwa kurudi. Mfuniko mbovu huvuta hewa badala ya maji. Basi ukikuta asubuhi tangi la akiba limejaa na rejeta imepungua, shuku mfuniko kwanza. Ukikuta mpira wa juu umebonyea kama umenyonywa, vali ya kurudishia imekwama. Mfuniko wa badala uwe na namba ileile ya mtengenezaji. Kuweka wa 1.1 mahali pa 0.9 kwa nia ya kuongeza nguvu ni kuialika rejeta kongwe ipasuke.

Gari huchemsha wakati gani?

Kabla ya kufungua chochote, fundi anapaswa kumuuliza dereva swali hili, na dereva awe na jibu. Jibu lenyewe ni nusu ya kazi.

Gari linalochemsha likiwa limesimama au likienda polepole sokoni, kisha likapoa likishika mwendo, lina upungufu wa upepo. Tazama feni. Katika Land Cruiser nyingi za injini ya dizeli feni haikufungwa moja kwa moja. Ina klachi yenye mafuta mazito ambayo huishika feni injini ikipata joto. Zima injini ikiwa na joto, chukua ufunguo mkononi, kisha izungushe feni taratibu: inapaswa kuwa nzito. Ikizunguka ovyo kama gurudumu la baiskeli, mafuta yake yamevuja. Tazama pia kava linaloizunguka feni, maana mafundi wengi hulitoa wakati wa matengenezo wakaliacha pembeni. Bila kava, feni huvuta hewa iliyo karibu nayo badala ya ile inayopaswa kupita kwenye rejeta. Mikanda ya feni ikibonyezwa kwa dole gumba iingie kama sentimita moja. Ikiwa miwili, hubadilishwa yote pamoja.

Tatizo la upepo lina chanzo kingine ambacho kwetu ni cha kawaida sana. Gari likipita kwenye njia za mbuga za Bahi au mashamba ya Kongwa, mbegu za majani, panzi na tope hujaa kati ya mapezi ya rejeta, au kati ya rejeta na kipoza hewa kilicho mbele yake, mahali ambapo jicho halifiki. Osha kwa maji ya nguvu ndogo, ukitokea upande wa injini kuelekea mbele, ili uchafu utoke kwa njia uliyoingilia. Mashine ya kuoshea magari ikielekezwa hapo kwa nguvu zote huyalaza mapezi, na rejeta huwa mbaya kuliko ilivyokuwa chafu.

Gari linalopoa mjini lakini likachemsha kwenye mlima au likiwa na mzigo, kwa mfano kwenye mteremko mkuu wa Bonde la Ufa kati ya Bahi na Manyoni, kwa kawaida halipitishi maji ya kutosha. Huo ndio ugonjwa wa ukoko. Baada ya safari, zima injini na upitishe mkono polepole mbele ya rejeta bila kuigusa. Joto lake linapaswa kupungua kwa mfuatano kutoka upande maji yanakoingilia. Ukikuta madoa yaliyo baridi katikati ya sehemu za moto, mirija ya hapo imeziba. Rejeta za zamani za shaba zina sifa moja nzuri: fundi wa rejeta anaweza kuyeyusha lehemu, akafungua kichwa chake, akapitisha ubapa mwembamba katika kila mrija, kisha akaifunga tena. Zile za alumini zenye vichwa vya plastiki hazichokonolewi, hubadilishwa. Kusafisha kwa asidi ya limau kunasaidia ukoko ukiwa bado mwembamba, mradi mfumo usuuzwe mara kadhaa baadaye. Dereva aonywe mapema kwamba usafi huo wakati mwingine hufichua matundu yaliyokuwa yamezibwa na ukoko wenyewe.

Na hapa tuseme neno juu ya bizari na ute wa yai. Vyote viwili huziba tundu dogo la rejeta, na dereva aliyekwama porini hatulaumu akivitumia kufika nyumbani. Ila kitu kinachoweza kuziba tundu kinaweza pia kuziba mrija. Mfumo uliotiwa vitu hivyo lazima ufunguliwe na kusafishwa juma hilohilo.

Gari linalochemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, huku mpira wa chini ukiwa bado baridi, thamostati yake imekwama ikiwa imefungwa. Kuipima hakuhitaji mitambo. Itumbukize kwenye sufuria ya maji juu ya jiko pamoja na kipimajoto, uitazame ikifunguka. Ikifunguka kwa wakati wake, irudishe. Isipofunguka, nunua nyingine. Kuitoa na kuacha mahali pake wazi ni desturi iliyoenea, na hutetewa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Hoja hiyo haisimami. Katika injini nyingi za aina hii thamostati ina kisahani cha chini ambacho, mlango mkuu unapofunguka, huiziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ikiondolewa, njia ile hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka tu ndani ya injini. Gari huonekana limepona kwenye tambarare, kisha likachemsha mlimani.

Mwisho ni gari linalopoteza maji bila tone kuonekana chini. Kagua kwanza tundu dogo lililo chini ya pampu ya maji, kwani pampu inayochoka huacha hapo mstari wa kutu au rangi ya kipozeo. Mipira ipapaswe ikiwa baridi. Iliyolainika kama andazi au kukauka na kupasuka haina siku nyingi. Gereji yenye pampu ya mkono ya kupimia mgandamizo itaujaza mfumo hadi namba ya mfuniko na kusubiri dakika kumi: mshale ukishuka, kuna mahali panapovuja. Kama nje ni kukavu, basi maji yanaingia ndani ya silinda. Dalili zake ni mapovu yanayopanda mfululizo kwenye rejeta injini ikiwashwa baridi, mipira kuwa migumu mara tu baada ya kuwasha, moshi mweupe usiokoma, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Hapo gasketi ya silinda hedi imeungua, au silinda hedi yenyewe imepasuka. Gari la namna hiyo lisiendeshwe hata hadi gereji. Livutwe.

Mshale ukipanda njiani

Dereva azime kipoza hewa, ashushe gia na apunguze mwendo. Kama hita ya ndani bado ipo, aiwashe kwa nguvu zote. Abiria watalalamika, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Mshale ukiendelea kupanda, asimame. Ikiwa mkanda ni mzima na maji hayajamwagika, aiache injini inguruma taratibu kwa dakika mbili tatu, kwa sababu kuizima ghafla huyasimamisha maji mahali penye moto zaidi. Ikiwa mvuke unafoka au mkanda umekatika, azime papo hapo.

Mfuniko usifunguliwe. Maji yaliyo chini ya mgandamizo kwa nyuzijoto 110 hulipuka kuwa mvuke mara tu mfuniko unapolegea, na huunguza uso na macho. Kipimo ni mpira wa juu: ukiweza kuushika na kuubonyeza bila kuungua, inaweza kuchukua nusu saa au zaidi, ndipo ufungue kwa kitambaa, hatua kwa hatua. Maji baridi yasimwagwe kwenye injini kavu iliyo moto, kwani silinda hedi nyingi hupasuka kwa msaada wa aina hiyo kuliko kwa joto lenyewe. Yaongezwe kidogo kidogo, injini ikiwa imepoa kisha ikawashwa.

Kama kuna mgonjwa ndani, yote hayo yafuate baada ya simu. Kwa mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga, piga 115 bila malipo. Ni namba ya mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kwa ajili ya nchi nzima mwaka 2022, ambao huweza kutuma gari jingine la wagonjwa au dereva wa jamii aliyeandikishwa. Dereva asiseme “nitaongeza maji kwanza, nione.” Injini inaweza kusubiri.

Tunachowaomba madereva na waganga wafawidhi

Daftari la safari la kila gari lina nafasi ya kilomita na lita za mafuta. Kuanzia sasa iandikwe pia, hata pembeni kwa kalamu, kila lita ya maji iliyoongezwa na tarehe yake. Lita moja ndani ya miezi mitatu haitushtui. Lita moja kwa wiki ni sababu ya kulileta gari lipimwe mfuniko, mipira na pampu, likiwa bado linatembea lenyewe.

Magari ya Serikali hutengenezwa kupitia TEMESA au gereji zilizoidhinishwa nayo, na fomu ya kuombea matengenezo huwa na nafasi ya kueleza tatizo. Fomu nyingi huwa na neno “linachemsha” pekee, nalo halimsaidii fundi. Andikeni lilichemsha wapi, likipanda au limesimama, baada ya muda gani, na maji kiasi gani yaliongezwa mwezi huo. Tusiandike “libadilishwe rejeta” kabla rejeta haijapimwa, kwani rejeta mpya chini ya mfuniko mbovu itarudi gereji mwaka ujao ikiwa na ukoko wake.

Kwa vituo vyenye mifereji ya paa, pipa moja la lita 200 lenye mfuniko litengwe na kuandikwa MAJI YA REJETA. Lisafishwe kabla ya Desemba, mvua za kwanza ziachwe zipite, na zinazofuata zikingwe. Pipa hilo linatosha gari moja hadi masika mengine, na likiisha kabla ya wakati, gari lina tundu.